Vipimo vya Mama

Nje ya wodi ya wanawake,
Jumatano, saa nane mchana

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wanao, na kwamba kile kikohozi chako cha vumbi la chaki kimekuachia. Ukitaka kujua habari zangu, mwili hauna neno, moyo ndio siuwezi. Mama amelazwa, leo siku ya tatu, na hali yake ni mbaya. Madaktari hawajajua kinachomuua. Nimeandika neno hilo nikalitazama, nikataka kulifuta, lakini ndivyo ilivyo.

Najua utauliza mbona kwenye simu juzi nilisema ni homa na uchovu tu. Nilikudanganya, dada. Nikakata kabla hujauliza la pili, kwa sababu wewe la pili lako huwa ndilo lenyewe. Simu hunipa nafasi ya kukata, karatasi hainipi. Kuna muuguzi anasafiri kesho kuja huko kwenu, amekubali kukukabidhi barua hii mkononi.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Mimi niko kwenye cherehani naunga mabega ya sare za shule, mama yuko kwenye kiti chake pembeni anakaza vifungo. Tangu Jumamosi alikuwa analalamika kuwa hana nguvu, chakula hakipiti, tumbo linamsokota. Nikamwambia apumzike, akasema vifungo havijikazi vyenyewe. Basi akasimama kufuata mkasi, akatapika, akaanguka kati ya meza na cherehani. Yule msusi wa chumba cha jirani alimwacha mteja na nusu kichwa akaja mbio, tukambeba wote wawili.

Hapa hospitali muuguzi alimpima presha mara mbili, akidhani mashine imeharibika, kwa jinsi ilivyokuwa chini. Sukari nayo imeshuka. Malaria hakuna. Wamemtundikia maji ya mshipa, presha inapanda kidogo, wakigeuka imeshuka tena. Jana aliniita kwa jina la marehemu baba, akaniuliza kama nimefunga mlango wa nyuma. Nikamjibu nimefunga. Leo asubuhi hakuniita kwa jina lolote.

Daktari ni binti mdogo tu, kalamu ameichomeka kwenye nywele, lakini ana macho yasiyobanduka. Ameniuliza mara tatu, siku tatu, mama anatumia dawa gani nyumbani. Mara zote tatu nimemjibu kwamba hatumii kitu, labda za maumivu mara mojamoja. Ya tatu ilikuwa leo saa nne. Akaniangalia, akaandika, akaenda. Hapo ndipo nilipoomba karatasi.

Ngoja nirudi nyuma, uelewe. Unakumbuka mwaka jana magoti na viganja vyake vilivyovimba, hata kushika sindano ikawa shida. Nilimpeleka kwa daktari wa viungo, akampa vidonge vidogo vyeupe vya prednisoloni. Alimweleza taratibu, na mimi nimekaa pale pale nasikia. Alisema dawa hii inatuliza uvimbe upesi, ndiyo maana watu huipenda kupita kiasi. Anywe asubuhi akishakula, aanze na sita, kisha vinne, kisha viwili, kisha kimoja, kama alivyoandika. Asiongeze, asiendelee bila yeye kujua, na arudi kliniki baada ya wiki tatu. Mama akaitikia, mimi nikaitikia, ungetuona ungesema tumeelewa.

Siku ya tatu tu mama alitembea mpaka bombani na ndoo mkononi. Alisema magoti yake yalikuwa likizo, sasa yamerudi kazini. Dada, nilimsikia akiimba huku anapinda sketi, nikazima cherehani nimsikilize. Tangu baba afariki sikuwa nimemsikia akiimba.

Halafu akaanza kunenepa. Uso ukajaa, mashavu yakawa ya mviringo, watu wakawa wananipongeza barabarani, kwamba namtunza mama hadi kanawiri. Nikavimba kichwa. Unajua nina lile daftari langu la vipimo, kila ninayemshonea naandika tarehe na inchi zake. Mwezi wa pili kiuno cha mama kilikuwa thelathini na nne. Mwezi wa tano, thelathini na saba. Mwezi wa nane, arobaini na moja. Kila mara nikaachia mishono ya magauni yake, ilipokwisha nikaunga vipande ubavuni. Lakini mkono wa juu, ambao ulikuwa kumi na mbili, ukawa kumi na nusu. Tumbo linakua, mikono inasinyaa. Pini ikimgusa kidogo, ngozi inabaki na doa jeusi wiki mbili. Nyuma ya shingo kukatokea nyama, nikawa nakata kola kwa nyuma ili gauni likae vizuri. Mimi fundi, dada, nimezishika inchi zile kwa mikono yangu nikaziandika, na nilichofikiria ni kitambaa tu.

Sasa nitakwambia.

Vile vidonge vilipokwisha maumivu yalirudi, na mama alilia. Si kulalamika, alilia machozi, ameegemea ukuta, anaona haya nimwone. Kliniki ni mbali na foleni yake ya kutwa, nami nilikuwa na sare za kumaliza. Nikachukua cheti kilekile cha zamani nikaenda duka la dawa. Muuzaji hakuuliza. Tukasema wiki moja tu, ikawa miezi minane. Vinne kila asubuhi, bila kupungua, bila daktari yeyote kujua. Mama alinitaka nisikwambie, nikakubali, maana nilitaka aendelee kuimba.

Na hilo silo baya zaidi. Ulipopiga simu kwamba unakuja mwisho wa mwezi, mama alifurahi siku moja, ya pili akajitazama kwenye kioo cha wateja. Alisema ukimwona na sura ile utamhoji kama mkaguzi wa shule. Akanitaka nimshonee gauni la bluu la kukupokea, kwa kipimo cha mwaka jana, akasema atakonda mpaka limkae. Tulishasikia kwa watu kuwa vile vidonge ndivyo vinavyovimbisha. Basi Jumatano ya wiki iliyopita nilichukua kopo zima nikalimwaga chooni. Kutoka vinne hadi sufuri, siku moja. Nikamwambia tumeacha, akanishukuru. Siku ya tano akaanguka.

Nimenyamaza siku tatu kwa woga, dada. Niliogopa wataniuliza nani alimnunulia. Niliogopa wataita polisi. Zaidi ya yote nilikuogopa wewe. Nikajiambia vidonge haviko tena mwilini, haviwezi kuwa ndivyo, tatizo ni lingine, watalipata wenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akitusomea methali hiyo tukificha vidonda vya kuanguka. Nimeandika mpaka hapa, nimejisoma, nimeona kwamba ninayepaswa kuambiwa kwanza si wewe. Naweka kalamu. Naenda kwa daktari.

Nimerudi. Saa kumi na mbili kasoro.

Nilimkuta kwenye korido, nikasema yote bila kupumua. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Alimwita muuguzi kwa sauti, wakakimbia, mimi nyuma yao. Wakamchoma mama sindano ya dawa ya jamii ileile niliyoitupa. Baadaye akanieleza, ameegemea kitanda. Kwamba mwili una tezi zinazotengeneza dawa ya namna hiyo zenyewe, kidogokidogo, kila siku, nayo ndiyo inayotushikilia tukiugua. Mtu akimeza za dukani miezi na miezi, tezi zile zinalala. Ukiacha ghafla, za kumeza hakuna, na za mwilini bado zimelala. Ndiyo maana hupunguzwa polepole, kwa wiki nyingi, daktari akiangalia. Nami nilidhani namwondolea sumu.

Akaniuliza alikunywa kwa muda gani hasa, na vingapi, ili ajue aanzie wapi. Kichwa kilikuwa kitupu. Nikampigia msusi simu aniletee daftari la vipimo. Daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda akalifungua, akafuata kwa kalamu kiuno, mkono, shingo, tarehe kwa tarehe. Alisema kila kitu kimo humu. Nikamwambia najua. Akaniuliza kama anaweza kubaki nalo, nikampa.

Amesema hajatoka hatarini. Siku mbili hizi ndizo zitakazosema, na akipona atameza tena vidonge vilevile, mbele ya macho yao, vikipunguzwa kidogokidogo, labda mwaka mzima. Atatembea na karatasi inayosema anatumia dawa hii, na kila daktari atakayemgusa ataambiwa. Lakini mimi sijui, dada. Mikono yake ni ya baridi, na mimi nimeishika tangu saa kumi.

Njoo. Usingoje mwisho wa mwezi. Ukitaka kunitukana nitukane, ila njoo kwanza.

Nilikuwa nimeishia hapo. Sasa hivi amefungua macho. Ameniita Pini, jina langu, si la baba. Ameuliza kama wewe umefika, nikamjibu bado. Akanong'ona nisikwambie habari za vidonge. Nikamwambia nimeshachelewa, niko ukurasa wa nne. Akafumba macho, nikadhani amelala, machozi yakamtoka pembeni. Kisha akasema basi niandike pia kwamba yeye ndiye aliyeniomba, nisibebe peke yangu.

Nimeandika kama alivyotaka. Lakini wewe usimsikilize.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, uwaambie bibi yao anawasalimu, maana ametamka majina yao. Gauni la bluu nimelifumua. Nitalikata upya atakapoweza kusimama nimpime.

Ni mimi mdogo wako,
Pini