Tonge la Kwanza la Baha

Bashay, Mbulu

Dada Marselina, shikamoo. Posta ya Mbulu walikuwa na kadi za Mlima Hanang tu, kwa hiyo nakutumia mlima unaouona kila asubuhi ukiwa na mwanangu Baha mgongoni. Karani wa posta amenifutisha Arusha kwenye anwani yako, niandike Mkoa wa Manyara.

Huku kwenye mafunzo ya kufuga samaki, leo mwenzangu mmoja aliwaonea huruma vifaranga wa kambare, wembamba kama nyuzi, akawatupia chakula cha unga kabla ya wakati. Walikula, kisha wakafa matumbo yamejaa. Mwalimu akasema, "Tumbo lao bado halijatengeneza vimeng'enya vya kuyeyusha unga. Waanzishieni vijidudu hai vya majini."

Nikamkumbuka shemeji, mume wako, aliyepita hapa jana akielekea mnadani. Ati Baha ameanza kula ugali na maziwa mkononi mwako, na anakuita mama.

Dada, usimpe ugali. Tumbo lake halijakomaa.

Basi, nisidanganye. Mtoto wa miezi kumi si kifaranga wa kambare, na tumbo lake liko tayari. Roho yangu ndiyo haina kimeng'enya cha kuyeyusha habari hiyo. Nilitaka tonge la kwanza alipate kwangu.

Mshibishe tu, na Mungu akutunze wewe unayenitunzia. Lakini akikuita mama, mmalizie neno: mkubwa.

Mdogo wako,
Paskalina