Jaa la Majani Nyuma ya Jiko

Mama Faki, uliyetangulia, assalaam alaykum.

Mie nna miaka themanini na mbili. Nimewazika kaka zangu wote, redio tatu zimenifia mkononi, na meno nnayo mawili. Hapa Kengeja hajatokea mwanamme wa kunishinda jembe. Nimekuzika na wewe, na hilo peke yake sijajisifia. Mwandiko wangu waujua, wenda upande kama kaa. Nivumilie.

Wakumbuka ulivyokuwa ukifagia uwanja kwa chelewa zako asubuhi? Majirani wote wachoma majani yao, wewe wayabeba yetu hadi nyuma ya jiko. Yale makubwa ya mshelisheli ukiyakatakata kwa panga, ukayamwagia maji uliyooshea mchele, ukafunika kwa makuti.

"Wenzio wachoma taka, wee wafuga jaa!" nikikwambia.

"Nyamaza, mume wangu. Bilinganya za mbolea hii utazila wewe wewe."

Na nikazila. Masika mawili yakipita, jaa lile lilikuwa udongo mweusi, laini, wanukia kama mvua ya kwanza. Ukiubeba wewe kondeni kwa pakacha, mie nimekaa barazani. Wapitao wakiniuliza siri ya bilinganya zile, nikijibu, "Mkono, yakhe. Mkono wangu." Wewe ndani ukikohoa mara moja tu, basi.

Ulipoondoka niliutia kondeni udongo wote uliouacha. Bilinganya zikatoka hizo! Msikitini nikasifiwa, nami nikapokea. Wanawake wa kikundi cha kilimo wakaomba kuja kujifunza. Nikasema njooni, na jaa lenyewe tupu. Nikalijaza majani mazima, makavu, nikafunika kwa nailoni. Mdogo wako, Bi Time, akaniambia, "Shemeji, yakate, uyatie maji."

"Nilishika jembe wewe hujazaliwa," nikamjibu.

Miezi ikapita, wakaja. Bi Time akafunua, akainua jani moja la mshelisheli, zima, kavu kama ngozi ya ngoma. "Shemeji, haya yangojea kurudi mtini?"

Walicheka hata wakashikana mabega. Mmoja hakucheka. Akauliza, "Na ule udongo wa mwanzo, Mzee, aliutengeneza nani?"

Wajua nilivyolelewa. Mwanamme hataji jina la mkewe mbele za watu. Umri wote ule sikulitaja lako hata mara moja.

"Watu wa nyumbani," nikasema.

"Nani hao?"

"Mama Faki."

Bi Time akanikazia macho. "Dada yangu hana jina?"

Mama Faki, uso uliniwaka kama nimeinamia tanuri. Ile niliyoiita heshima ndiyo niliyojifichia, nikala sifa zako mimi, hata ulipokuwa hai, hata ulipokuwa ndani wanisikia. Nikasema, "Maryamu. Maryamu binti Juma. Mie nilikuwa nikimcheka."

Hawakucheka tena, na hilo likaniuma zaidi. Bi Time akanipa panga. Nikakata majani mpaka alasiri, wanawake wakitazama.

Sasa kila asubuhi nayamwagia maji ya mchele. Bado ni majani. Masika mawili kwa umri wangu ni mengi, lakini yakiiva nitasema ni ya nani kabla sijaulizwa.

Asiyeamini kuwa nilikutaja akamuulize Bi Time. Alisimama karibu yangu, na bado akanitaka nirudie kwa sauti. Nikarudia, Maryamu.

Mumeo,
Baba Faki