Mvua ya Mwingi Hewani

Jumanne usiku

Bado nacheka peke yangu.

Jioni Mwende alikuwa hewani kutoka chumbani kwake mjini Mwingi, anasoma salamu kwa simu yake kama kawaida, na mimi hapa Mukuyuni na laptop yangu nikipeleka sauti yake redioni. Ghafla nikasikia kelele, kama mtu anakaanga vitunguu kando yake. Nilikasirika! Kila mkutano nawaambia hawa watangazaji wetu wa kujitolea: ukiwa hewani, nyumba inyamaze. Nikamtumia ujumbe: "Mwende, zima hicho kitu SASA HIVI."

Akausoma hewani, huyo msichana! "Wasikilizaji, bosi anasema nizime. Sasa mimi sijui mvua inazimwa wapi."

Mvua. Kwa mabati ya Mwende. Baada ya miezi hii yote ya ukame!

Kabla sijajibu, simu ya stesheni ikalia. Mama mmoja kutoka mji wa Wote: "Mwambie huyo mtoto anyamaze kidogo. Tunataka kusikia."

Nikamwambia Mwende aweke simu dirishani. Mimi, ambaye hugombana na watu wakinyamaza hewani hata kidogo, niliacha mvua iongee mpaka wakati wa habari. Nilichoogopa ni mtandao kukatika tu, na haukukatika.

Huku kwetu bado ni vumbi. Labda itafika, labda...

Sasa hivi namsikia jirani akiburuta mapipa yake kuyapanga chini ya gata la paa lake. Amechelewa. Yangu yako nje tangu Mwende akiwa hewani.