Akasema Sawa, Akakata

Uyole, Jumanne jioni

Mume wangu amekata simu kabla sijamwambia kuwa Tumaini ametembea leo. Hatua tatu, kutoka kwenye ndoo mpaka kwangu.

Kosa ni langu, nilianza kumuuliza habari za kazi. Baba Tumaini yuko Iringa, pale Mlandege, mwezi wa tatu sasa, anatengeneza programu ya mtandao. Kompyuta zinajiandikisha, jambo likitokea programu inazipa taarifa moja baada ya nyingine. Sasa moja ikichelewa kujibu, zote za nyuma yake zinakwama. Hilo lisipoisha, harudi nyumbani.

Nikamwambia mbona hiyo ni kama Mama Sekela na lori la viazi. Lori likifika sokoni, anatupigia mmoja mmoja, wote tulioacha namba kwenye daftari lake. Ukipigiwa unasema "sawa" unakata, hakuna habari za watoto. Kuna siku nilianza kumsimulia mafua ya Tumaini, wenzangu wa nyuma yangu wakapigiwa lori limeshaisha, wakakosa viazi. Walininunia wiki nzima.

Akacheka. "Yaani ipokee tu, ikate, kazi yake ikafanye pembeni! Ndaga fijo, asante sana, mke wangu!"

"Subiri, Baba Tumaini, leo mtoto..."

"Sawa!" Akakata.

Nimefurahi, kweli. Labda atarudi mapema. Ila simu nimeiweka hapa karibu, na Tumaini kila akitaka kuinuka namkalisha. Za leo zinatosha, mwanangu. Nyingine azione baba yako.