Taji la Maua Kichwani mwa Kambale

Mama,

Kambale ametuma video. Mutoto wako, shemasi wako, yule aliyekuita mupagani mbele ya kambi nzima ya Mugunga. Anacheza, Mama! Amevaa taji la maua kichwani, anarukaruka kama chura pamoja na wazungu, wanazunguka muti murefu waliouvalisha majani. Nimeitazama mara tano. Mara ya sita nikatupa telefone kitandani.

Anasema kule Suède, Ulaya, mwezi wa sita kuna siku moja ndefu kuliko zote, jua linakataa kulala. Wazee wao walilishangilia hivyo kabla misionere hawajafika, na mpaka leo hawajaacha. Wasichana wanachuma maua ya aina saba, wanayaweka chini ya muto ili waote mabwana watakaowaoa. Anacheka. "Ni culture yao tu, dada." Culture! Yao ni culture, yako ilikuwa shetani.

Unaukumbuka ule mwezi wa sita wetu? Vita ilikuwa imetutoa Lubero, hatuna shamba, hatuna kitu, na wewe bado ukazunguka soko lote kutafuta ulezi wenye masuke. Ukayasuka yale masuke kuwa pete ndogo, ukaitundika kwenye mulango wa hema kama ulivyofanya nyumbani kila mavuno. Ukataja majina ya wazazi wako polepole, ukalishukuru jua kwa kuivisha. Basi. Hukumuroga mutu. Kambale akarudi kutoka kwenye maombi na wenzake, akaing'oa, akaikanyaga. "Mama, unatuletea laana, ndiyo maana vita haiishi!" Na mimi, Mama, nilichukua fagio nikazifagia zile mbegu, kwa sababu niliona haya mbele ya majirani. Nisamehe. Heri ningemupiga yeye na lile fagio.

Hukusuka tena. Yeye akavuka kuingia Uganda, akapata bahati, watu wa shirika la wakimbizi wakamupeleka Ulaya. Wewe ukaanza kukohoa.

Kambi haipo tena. Walitufukuza, hema zikavunjwa, watu wakatawanyika. Mimi nimepanga chumba hapa Goma, nauza makala ya kupikia. Kaburi lako kule Lac Vert nalitembelea nikipata nafasi. Ule udongo ni mawe matupu, hata ua moja linakataa kushika. Maua yote yako kichwani mwa mutoto wako.

Sasa kuna jambo nimekuficha. Kila juma Kambale ananiuliza: "Mama alisema nini juu yangu kabla ya kufa?" Simujibu. Miaka miwili namuacha na swali hilo, na kusema kweli, napenda akiuliza. Maana ulisema. Ulinishika mukono, ukasema: "Mwambie mutoto wangu sina kitu naye moyoni. Ale, alale." Ukageukia turubai la hema. Mimi niliyekulisha uji kwa kijiko hukuniambia neno. Nililia kwa sababu ya hilo kuliko kwa sababu ya kifo, Mungu anajua.

Lakini maneno ni yako na nimeyakalia kama mwizi. Nakuahidi: nikimaliza barua hii namutumia sauti, nitasema yote kama ulivyosema, bila kupunguza hata moja. Atalia, atalala, atakula vizuri.

Pumzika, Mama. Msamaha wako utafika Ulaya leo. Wangu bado sina, usiniombe.

Binti yako,
Masika