Kompyuta Yako Inanukia Harusi

Zuhura, mtani wangu,

Ningeanza kwa kukuuliza hujambo, lakini hata ulipokuwa hai ulikuwa unaitikia salamu zangu bila kuinua macho kwenye kioo cha kompyuta, sasa leo nitegemee nini? Niingie moja kwa moja. Nimekuja kukushitaki. Kompyuta yetu nusura uiue wewe mwenyewe, kwa mkono wako, na ushahidi ninao.

Tangu uondoke nilikuwa sijafungua ofisi. Nikipita pale Mtoni nakiona kibao chetu, "Zuhura na Kabula, Tunapiga Chapa", naongeza mwendo. Unajua nyie Wazaramo na sie Wanyamwezi tulivyo. Kwenye msiba wako nilipaswa kuwa wa kwanza kuleta fujo, nijilaze mlangoni jeneza lisitoke, nimtangazie kila mtu kwamba marehemu alikuwa mchoyo wa kashata. Watu wenyewe walikuwa wananisubiri, wananitupia macho. Sikuweza, Zuhura. Nilikaa mkekani, na uchokozi wangu wote niliokuwekea ukabaki tumboni. Tulipotawanyika nilihisi kama sijakuaga.

Baada ya arobaini nikajikaza. Nikafagia, nikapangusa mashine zetu mbili za taipu, nikakiondoa kile kitambaa ulichoifumia kompyuta utadhani ni redio ya sebuleni kwa mjomba. Halafu nikafanya kama ulivyokuwa ukifanya kila asubuhi: makaa kwenye chetezo, udi juu ya makaa, chetezo chini ya meza, ubavuni mwa kompyuta, "ipate baraka mpaka tumboni." Nikawasha.

Ikalia. Si ule mlio mmoja mfupi wa kuamka. Mlio mrefu, ikanyamaza, ikalia tena, ikanyamaza, ikalia tena, na kioo cheusi tii. Mama wa chapati wa mlango wa pili akaja mbio, mikono kichwani: "Maskini, inamlilia mwenyewe!" Nikaizima, nikakaa kwenye kiti chako nikalia na mie. Mama wa chapati aliniletea chai, akarudi kwenye chapati zake.

Habari zikamfikia kaka yako Shabani. Usimkasirikie. Nusu ya kompyuta ile ilikuwa yako, na mambo yako yote sasa yamo mikononi mwake. Alikuja, nikampa shikamoo yake, akabaki amesimama mlangoni, hakutaka hata kuingia. "Kabula, mie nikiiona hii kitu roho inaniuma. Imeshakufa na mwenyewe. Jumamosi naleta mtu wa vipuri aichukue, yaishe." Bila kompyuta ningebaki na taipu mbili, na siku hizi nani anataka kadi ya harusi ya taipu? Maduka yanafunguliwa kila kona, kila mwenye duka anataka karatasi yenye herufi zilizorembwa. Ningefunga ofisi. Na kile kibao, chenye jina lako mbele ya langu kwa sababu uling'ang'ania, kingeishia kuwa mlango wa banda la kuku la mtu.

Basi nikaifunga kompyuta kwenye kanga yako ya zambarau, nikakodi teksi mpaka Chang'ombe, kwa fundi mmoja aliyejibanza nyuma ya gereji. Mie huyu, uliyekuwa ukinicheka kwamba nagusa kibodi kama nagusa pasi ya moto.

Fundi akalegeza skrubu, akavua bati la ubavuni, akainama. Akanusa. Akanusa tena. Akaniangalia. "Dada, mbona hii kompyuta inanukia harusi?"

Zuhura, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza, machozi yakaja, na sijui yalikuwa ya kicheko au ya msiba, yalichanganyika. Fundi alidhani nimerukwa na akili. Udi wako! Siku zote hizo feni ilikuwa inavuta moshi wako ndani, na vumbi la Barabara ya Kilwa likagandana nao, kahawia, linanata kama ukoko wa sufuria. Na wewe ulijiona unaibariki!

Akanionyesha vijiti viwili vya memori, vibao vyembamba vifupi kuliko kitana, vyenye meno ya madini kwenye ukingo mmoja. Akasema ule mlio haukuwa kilio, kompyuta ilikuwa inatoa taarifa kwamba haioni memori. Humo ndimo inamoweka kazi yote inayofanya wakati imewaka, na isipoiona haiamki. Meno yale yalikuwa na rangi ya chai. Akaniambia niguse kwanza bati, umeme wa mwilini unitoke, kisha akanipa kifutio cha penseli, nisugue taratibu. Nikasugua mpaka meno yakang'aa. Tukavirudisha vyote viwili. Ikalia vile vile, na mie nikaanza kumwona mtu wa vipuri akiingia mlangoni.

Fundi hakushtuka. Alivitoa vyote, akaweka kimoja peke yake. Ikalia. Akakitoa, akaweka cha pili, palepale alipokuwa ameweka cha kwanza. Kimya kidogo. Halafu mlio mmoja mfupi, na kwenye kioo namba zikaanza kupanda. Unazikumbuka zile namba, inavyohesabu memori yake kabla ya kufanya lolote, mie nahangaika mteja anasubiri, nawe unaniambia, "Iache ihesabu. Hata wewe ukiamka si unanawa uso kwanza?" Ilihesabu nusu tu ya ilivyozoea, lakini ilihesabu. Kwa kuwa kijiti cha pili kilikubali pale pale kilipokataa cha kwanza, ubovu ulikuwa wa kile kijiti, kompyuta yenyewe ilikuwa nzima. Nilitaka kumkumbatia fundi wa watu, nikajizuia.

Akaniambia kwa nusu ile nitaandika barua, lakini kadi zako za maua maua zitakwama njiani. Akavuta droo ya vijiti alivyovitoa kwenye kompyuta za zamani. Cha kwanza hakikuenea, kilikuwa kifupi. Cha pili kiliingia, namba zikapanda, zikaganda katikati. Cha tatu akaniwekea kiganjani. "Weka mwenyewe, siku nyingine usipande teksi kuja huku." Nikakiingiza kimshazari, nikakisimamisha mpaka vishikizo vya pembeni vikalia ta! Nikawasha. Nikahesabu nayo kwa sauti kama ulivyokuwa ukifanya, na zilipokaribia pale pa kugandia nikafumba macho. Nilipofumbua, zilikuwa zimefika mwisho.

Jumamosi Kaka Shabani akaja na mtu wake wa vipuri. Sikumweleza lolote, niliwasha tu. Alisimama mlangoni kama siku ile, halafu akaingia, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akaziangalia namba mpaka zikaisha. Ndipo nikamwambia kilichoiumiza ni udi wa dada yake. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Akamgeukia yule mtu: "Nisamehe braza, hii haiuzwi." Kisha akafuta macho, akaniuliza kama ninaweza kumtengenezea kadi za harusi ya mwanawe. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyofanya bila wewe. Nimeweka maua kila pembe, mengi kupita kiasi, kama unavyopenda.

Nilifikiria kuacha udi kabisa. Nilijaribu asubuhi moja, ofisi ikanuka wino na vumbi, nikaona kama nimekufukuza. Kwa hiyo chetezo sasa kinakaa nje, kizingitini, na kompyuta haiwashwi wala haifunuliwi mpaka moshi uishe. Kile kijiti kibovu fundi alitaka kukitupa, nikamnyang'anya. Kina tundu dogo pembeni, nimepitisha uzi, nimekitundika mlangoni juu ya chetezo. Kila siku nakifukiza peke yake mpaka kishibe, kwa kuwa ndicho kilichokufa kwa mapenzi yako. Wateja wananiuliza hirizi hiyo ya nini. Nawaambia ni ya Mzaramo mmoja, wasiiguse.

Nakuahidi kibao hakitashuka, na jina lako litabaki mbele, japo hukustahili. Nitaiacha ihesabu mpaka mwisho, hata mteja akinung'unika. Pumzika, mtani wangu. Na huko uliko, kama kuna kompyuta, nakuomba sana, chetezo kiweke mbali.

Mtani wako,
Kabula