Mwenyekiti anaita redioni

Kasongo, soma kisha ufute.

Unajua boti zote za Katonga tunatumia chaneli moja ya redio. Mmoja akibana kitufe cha kuongea, wengine hawasikiki.

Siku namleta mke wangu Mariana kwa boti toka Ilagala, anatoka damu, niliita mpaka sauti ikakauka. Mwenyekiti Erasto alikuwa hewani anacheka na hawara yake! Mariana akafia mapajani mwangu.

Leo kikaoni nimemuuliza mbele za watu. Ananijibu nini? "Mzee, chaneli ni ya wote. Ungesubiri zamu." Zamu, Kasongo! Zamu! Na watu wakacheka.

Sasa hivi yuko ziwani. Nimemsikia: "Katonga, Katonga, maji yanaingia!"

Nakuandikia kwa kidole kimoja. Mkono mwingine umebana kitufe.